Mkeka Uliofumuliwa Korongoni

Sogeeni, wenye masikio na wenye usingizi. Leo nina kesi lakini sina hakimu. Nikimaliza mimi kusema, mtaanza nyinyi.

Walikuwapo wasafiri watatu waliokutana njiani. Kila mmoja alitoka kwao kwenda kutazama kazi za mikono ya watu wengine, wale wanaosuka, wanaosokota na wanaofuma.

Wa kwanza ni Mwatime, msusi wa mikeka kutoka pwani ya kusini. Ukimpa milala alikuwa fundi wa kusifiwa, lakini kwa woga hakuwa na mshindani. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na zaidi ya yote aliogopa kusahau. Mama yake alikuwa amefariki na kumwachia mkeka mmoja wenye nakshi ambayo kwao hapakuwa na mwingine aliyeijua. Mwatime mwenyewe alikuwa amefundishwa nusu tu. Basi aliukunja, akaubeba mgongoni mji hadi mji, akiuliza kila msusi aliyekutana naye kama aweza kumfundisha nusu iliyobaki.

Wa pili ni Syombua, mwanamke wa Kikamba, msokotaji wa katani. Alilaza nyuzi pajani, akapitisha kiganja mara moja, na uzi ukatoka imara hata ng'ombe asingeukata. Maneno kwake yalikuwa ya kupimiwa kibaba.

Wa tatu ni Lugendo wa Handeni, mkataji mkonge, mtu wa makamo. Huyo alipanda na kushuka hata pale mbuzi anapofikiri mara mbili, naye hakujua hofu ina ladha gani.

Watatu hao wakafika ng'ambo ya ziwa, kwa Fundi Rwezaura, mtengenezaji wa nguo za magome. Alilichuna gome la mkuyu, akaligonga kwa nyundo ya mti yenye mifuo, mistari ya kuchongwa, hadi likapanuka na kulainika, likawa nguo. Wanawe walikuwa wamekwenda mjini kuuza simu, na kijiji kizima hakikuwa na mwingine aliyeijua kazi hiyo. Na watu wa huko wana mila yao: fundi hufundisha mgeni mmoja tu maishani mwake, na huyo ndiye anayekabidhiwa nyundo. Akifundisha wawili, wanasema, miti hukauka.

Wote watatu wakaiomba nyundo.

"Kwanza njooni mnione nikimvua mti nguo," akasema Rwezaura. "Kuomba ni kwepesi."

Mti wenyewe ulikuwa ukingoni mwa korongo, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Fundi akalichuna gome lote zima, akalikunja na kulibana kwapani. Mvua ikaanguka. Wageni wakakimbilia chini ya mwamba, ila yeye akarudi mtini na majani ya mgomba aliyokuja nayo, kwa sababu mti uliochunwa lazima ufungwe majani, la sivyo hufa.

"Mzee, njoo ujikinge!" Mwatime akapiga kelele.

"Mti hauachwi uchi kwenye mvua!"

Akaufunga fundo la mwisho, akageuka, na ukingo ukakatika chini ya miguu yake.

Gome lilikwenda na maji. Rwezaura mwenyewe alinasa kwenye kijukwaa cha udongo, pima saba chini, na chini yake tena mto ulikuwa ukinguruma na kupanda. Kila mara bonge la udongo lilimeguka kijukwaani na kutumbukia. Kwenda kijijini na kurudi ni saa mbili, na kijukwaa kile hakikuwa na hata saa moja. Waliunga leso mbili za Mwatime, hazikufika hata nusu ya njia.

Mwatime akahisi mkeka ukimlemea mgongoni. Nanyi mnajua mkeka ni nini: ni ukili mmoja mrefu wa milala iliyosukwa, umezungushwa na kushonwa. Ukikata ushono, mkeka hurudi kuwa ukanda, pima nyingi. Lakini nakshi huonekana pale tu ukili unapokaa ubavuni mwa ukili mwenzake. Ukishafumuliwa ni majani tu. Mwatime akautandaza. "Mama, n'samehe," akasema, akakata uzi wa kwanza. Alikuwa akilia kwa sauti, wala hakuona haya.

Syombua hakungoja kuambiwa. Ukili mkavu hukatika, kwa hiyo akautandaza kwenye dimbwi la mvua ulainike, akaukunja mara mbili, akautia katani yake yote ya safari, akaanza kusokota pajani. Alisokota mpaka paja likachubuka na kamba ikatoka na wekundu. Mwatime, kwa kihoro, akashika ncha ya pili amsaidie, akasokota kama walivyomfundisha kwao. Kumbe kwao husokota kwa kushoto, na Wakamba kwa kulia! Pima mbili zikaachana.

"Unanifumulia!" Syombua akamchapa mikono. "Keti! Usiguse!"

Udongo ukameguka tena huko chini. Mwatime akaketi, mikono kwapani, akifikiri kwamba ameumaliza mkeka wa mama yake na sasa anammaliza mzee wa watu.

Kamba ilipokamilika walitaka kuifunga shinani mwa mti, sauti ikatoka korongoni: "Msifunge penye kidonda! Fungeni mzizini!" Hata pale, fundi ni fundi.

Wakafunga mzizini, na Lugendo akashuka. Kijukwaa hakikuwa na nafasi ya wawili, akasimama kwa kidole gumba cha mguu mmoja huku amekumbatia ukuta. Akaivua kamba kiunoni mwake, akamfunga mzee, akabaki hana kitu. Wanawake wakavuta. Mzee alipofika juu kijukwaa chote kikaenda, na Lugendo akabaki akining'inia kwenye mzizi mwembamba. Wakamrushia kamba, akaidaka, akapanda. Alipotia kifua juu ya ukingo kamba ikakatika, ikatumbukia mtoni, mkeka ukaenda zake. Lugendo akacheka. Mwatime akatapika.

Siku ya tatu Rwezaura, akikohoa damu, aliwaelekeza vijana wa kijiji wamchunie gome jingine. Akawaita, nyundo mapajani.

"Kama si mimi, mzee angekuwa ziwani sasa," akasema Lugendo.

"Ungeshukia nini?" akauliza Syombua. "Majani?"

Kisha akamgeukia Mwatime. "Na wewe nusura utuue."

"Kweli, dada," akasema Mwatime. "Nilikosa. Lakini wewe utarudi na kusokota kwako, na kaka Lugendo na miguu yake. Mimi nimebaki na mikono inayojua nusu. Nikirudi hivi, niwaambie nini watu wetu?"

Rwezaura akaishika nyundo. "Naogopa," akasema. "Nikikosea leo, sitakuwapo kesho kusahihisha."

Mwatime aliogopa kusikia jina lake, na aliogopa zaidi kutolisikia.

Haya, mliokaa kitako, ndiyo zamu yenu. Yuko aliyetoa kitu ambacho hakitarudi, kisha karibu aharibu kila kitu kwa kutaka kusaidia. Yuko ambaye kazi ya mikono yake ndiyo iliyobeba watu wawili, ingawa hakupoteza ila katani na ngozi ya paja. Na yuko aliyeweka roho yake rehani, lakini mtu asiyejua hofu, tumsifu kwa ushujaa gani? Gome hugongwa likiwa bichi, likikauka ni kuni. Limelala pale mbele yao, na jua limeshatoka. Je, wewe ungeamua vipi?