Fisi Mpanga Koo

Mwaka ule mvua zilikataa kabisa, na mto ukabaki mchanga mtupu. Mama Tembo akachimba kwa pembe zake siku tatu mfululizo, akapata kisima cha maji machache. Akatangaza, "Watakunywa kwanza wa ukoo wangu. Wengine watafuata, yakibaki."

Ghafla Tembo akawa na ndugu wengi! Fisi akajitolea kuwapanga. "Mambo ya koo yanataka msomi," alisema, ingawa hakuna aliyejua amesomea wapi. Kisha akatoa kipimo chake: "Rangi! Wa kijivu ndiye wa Tembo." Mwenyewe alikuwa amegaagaa jivuni asubuhi ile.

Kifaru akapita mbele kwa madaha. Nyuma yake akaja Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, na watoto wake walioishiwa nguvu kwa kiu.

"Wewe wa hudhurungi, tena mkia huna. Nyuma!" Fisi akamfukuza. "Panya wa mawe!"

"Watoto wangu hawatafika jioni," Pimbi alilia. Kifaru akacheka.

Sungura, aliyekuwa kwenye foleni, akamgeukia Tembo. "Mama, rangi hupakwa. Meno na vidole mtu huzaliwa navyo. Agiza kila mmoja afungue kinywa na ainue mguu."

Tembo akaagiza. Pimbi akaonyesha meno mawili ya juu yaliyochomoza, yasiyoacha kukua, kama pembe za Tembo. Kucha zake zilikuwa bapa. Tembo akautazama mguu ule mdogo, akautazama wake.

"Ndugu yangu," akasema kwa mshangao.

Ikaja zamu ya Fisi. "Msomi hakaguliwi," akajitetea.

"Fungua!"

Akafungua. Kati ya meno yake makali zilinasa singa nyeusi, nene, za mkia wa tembo. Juzi tu mtoto wa Tembo alikufa kwa kiu, na mama yake akamfunika kwa matawi.

"Kumbe mna undugu kweli," Sungura alisema. "Umemla mpwa wako."

Tembo akapiga hatua moja mbele. Alimkamata Fisi kwa mkonga, akamvurumisha hadi ng'ambo ya mto. Fisi akaondoka akichechemea, na kisimani pale hakukanyaga tena.

Pimbi na wanawe wakanywa. Kifaru naye akasogea kimyakimya.

"Vidole vitatu!" Sungura akahesabu. "Cha kati ndicho kikubwa, na Punda Milia wana hicho tu; wewe ni wa upande wao. Kapange foleni nyuma yao."

Kifaru akaenda, akasimama huku mikia ya punda ikimchapa puani. Maji yalipomfikia yalikuwa tope, akayanywa hivyo hivyo.