Minde Aliyeacha Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mnaitika kinyonge hivyo, ugali mmemwachia nani? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, ukungu ulipokuwa ukishuka mlimani kila siku, alikuwapo Minde. Minde ni paa mnene, mweusi, mwenye kishungi chekundu kichwani. Mwoga huyo! Jani likianguka, pu! Kesha kimbia. Wenzake walikuwa wengi, mitego ikawamaliza, wakabaki wachache mno.

Juu ya mti mkubwa, mkulo, aliishi rafiki yake Kuvumwani. Huyu hana mzizi, hana jani, hana ua. Ni nywele za kijivu zinazoning'inia tawini na kunywa ukungu. Ukimwona utasema utando wa buibui. Naye alikuwa amebaki kwenye mkulo ule tu.

"Heri yako, dada," Minde alimwambia. "Nani atakutegea wewe mtego?"

"Heri yako wewe, mdogo wangu. Una miguu."

Siku moja wakaja wakata miti. Wakaugonga mkulo, ko! ko! ko! "Huu huu. Kesho tunauangusha."

Minde akalia. "Dada, shuka nikubebe!"

"Nikibanduka nakufa. Wewe nenda ukajifiche."

Minde hakwenda. Alijua walinzi wa msitu hupita kila asubuhi, macho chini, wakitafuta nyayo zake. Wakiziona, mahali hapo hapaingii shoka wala mtego. Lakini nyayo za Kuvumwani nani atazitafuta?

Sasa sikilizeni. Minde, aliyefundishwa na mama yake kukanyaga mawe tu asiache nyayo, alishuka kijitoni, akakanyaga tope, akauzunguka mkulo. Chwa! chwa! chwa! Akarudi kijitoni, akazunguka tena. Je, mtegaji akiziona kwanza? Moyo ulimdunda, du! du! du! Akazunguka tu.

Asubuhi walinzi wakafika. "Mungu wangu! Minde yuko hapa!" Mmoja akapiga magoti, akapima unyayo kwa kiganja. "Hapa hapakatwi hata kijiti."

Wakata miti walipokuja, waliwakuta walinzi wamesimama hapo. Wakarudi na mashoka yao.

Hakuna aliyeinua macho juu. Hata mmoja!

Minde akatoka kichakani. "Dada, pole. Hawakukuona."

"Umeniona wewe," akasema Kuvumwani.

Basi, jamani, wakubwa kwa wadogo: kama wewe ndiye unayetafutwa na kulindwa, simama karibu na yule asiyetazamwa na mtu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda na aibebe.