Ukuta Uliobeba Nyumba Mbili

Mtu mmoja alikuwa na duka la vitambaa katika barabara kuu ya mji, pale ambapo maduka yamebanana bega kwa bega mpaka sokoni. Jina lake Mutalemwa. Duka alilirithi kwa baba yake. Upande wa kushoto rafu za majora ya vitenge zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, na tangu utoto wake hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa nyuma ya rafu hizo. Upande huohuo alipakana na mjane aliyeitwa Asimwe, muuza masufuria.

Siku moja mchana ardhi ikatetemeka. Kilikuwa kitambo kidogo tu, mtu asingemaliza hata sala ya Baba Yetu. Vumbi lilipotulia watu walitoka nje, wakaitazama barabara yao wasiitambue. Paa zilikuwa chini. Ngazi zilisimama peke yake, hazina tena pa kupandisha mtu. Ukuta wa Asimwe wa upande wa Mutalemwa ulikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini, mpana wa kuingiza mkono.

Mutalemwa alilizunguka duka lake. Akapapasa ukuta wa mbele, wa nyuma na wa kulia, asikute hata ufa mwembamba. Akapiga magoti mbele za watu, akashukuru kwa sauti. Moyoni akasema, kumbe Mungu anawajua walio wake. Tangu hapo kila alipomwona Asimwe alijiuliza mama huyu alikosa nini, na salamu yake ikawa fupi.

Wahandisi wakaja, wakawa wanazitia alama ya X nyekundu nyumba za kubomolewa. Kwa Mutalemwa walitaka rafu zisogezwe. Akawaambia wasimvurugie majora, nyumba ni nzima na wanaiona wenyewe. Nao walikuwa na barabara nzima inayowangoja, wakapita. Kwa Asimwe waliweka alama. Mutalemwa akawafuata akaomba nyumba ile itangulie kubomolewa, isije ikamwangukia yeye asiye na kosa.

Asimwe akaja mlangoni kwake.

"Jirani, kabla mashine haijafika, njoo tuutazame ule ukuta wenye ufa pamoja. Marehemu baba mkwe wangu aliacha neno juu yake."

Mutalemwa alidhani anatafuta mtu wa kumwombea huruma. Akamjibu kwamba ana wateja.

Katapila lilipokuja lilianza na paa la mjane, likaja kwenye ukuta wa mbele, kisha likauvuta ule wenye ufa. Ukuta ulishuka taratibu, kama mtu aliyechoka anapokaa. Na rafu zikaja nao. Majora yakamwagika juu ya kifusi, yakajifungua yenyewe, mekundu na ya manjano. Mutalemwa alikuwa amesimama barabarani, na kutoka pale aliona ndani ya duka lake mpaka mwisho: kiti chake, meza yake, koti lake kwenye msumari. Juu, boriti zilikuwa zimeelea hewani, na paa likaanza kuinama.

"Mmebomoa ukuta wangu!" alipiga kelele.

Msimamizi alisimamisha mashine. Akatazama ncha za boriti kwa muda mrefu, akatazama na tofali zilizolala chini. Kisha akasema:

"Mzee, wewe upande huu hukuwa na ukuta. Boriti zako zililalia ukuta wa huyu mama, nao ulipasuka kwa sababu siku ile ulibeba nyumba mbili."

Mutalemwa hakuelewa. Akaomba arudiwe, akarudiwa, na bado hakuelewa. Akamgeukia Asimwe.

"Ulijua?"

"Nilijua. Baba yako tofali zilimwishia, akaomba aegemeze boriti. Mkwe wangu akamwambia egemeza. Basi. Hawakulizungumza tena."

Alasiri ileile duka la Mutalemwa likatiwa alama nyekundu, na kesho yake likabomolewa. Asimwe alitandaza turubai pembeni mwa barabara, wakakusanya majora wote wawili. Yeye alishika ncha hii ya kitambaa, mjane ncha ile, wakakung'uta vumbi na kukunja. Mutalemwa alikuwa akijaribu kupanga mawazo na hayapangiki. Shukrani aliyoitoa, je, airudishe? Na kama alishukuru kwa kuokolewa, kumbe alikuwa akishukuru kwa kupasuka kwa mwenzake? Tena ufa ule, alioudhania kuwa hukumu, ulikuwa wa kosa la nani? Alitaka kumwomba mama huyu radhi, asijue aanzie kwa boriti za baba yake au kwa salamu zake mwenyewe.

Akapita mtu, akamwuliza kwa huruma kama na duka lake lilipasuka.

Mutalemwa alifungua kinywa. Kusema ndiyo ulikuwa uongo. Kusema hapana, akaona, ulikuwa uongo mkubwa zaidi. Akabaki ameshika kitambaa, mpaka yule mtu akaenda zake.

Basi wewe unayesimama leo bila ufa, ni nani aliyepasuka ili usianguke?