Kibaba Kilichopanda Lori

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu. Nguzo za msikiti hazikimbii, mtazikuta palepale nikimaliza, mziegemee mpendavyo. Na kina mama nyuma ya pazia, kama sauti haifiki, gongeni ukuta, nitaipandisha.

Zimebaki siku tisa Ramadhani iingie. Tangu Jumatatu nimeshaulizwa swali moja na watu wanne: sheikh, daktari amenikataza kufunga, nifanyeje? Nikawajibu. Mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona, na mzee ambaye mwili umemshinda, hawa wamepewa ruhusa. Hawafungi, na wala hawadaiwi kufunga baadaye. Kwa kila siku moja wanatoa kibaba kimoja cha chakula chetu cha kawaida, mchele au mtama, kumpa maskini. Hiyo ndiyo fidia. Wote wanne wakaniuliza tena: kibaba ni kilo ngapi? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: maskini yupi?

Basi leo nina kisa. Nimekitunga mwenyewe, msije mkakitafuta mtaani kwenu. Ingawa mkikikuta huko, mimi sitashangaa.

Alikuwepo seremala mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, binti yake kaolewa mbali, akabaki yeye na karakana yake uani, anaranda milango na kutengeneza vitanda. Mzee huyu kwa kufunga alikuwa hodari. Tangu alipobaleghe hajala mchana wa Ramadhani hata siku moja, na alipenda watu walijue hilo. Na alikuwa na tabia moja: akimwona kobe hawezi kunyamaza. Kobe mnamjua, na nyinyi mnaocheka mnamjua zaidi. Ni yule anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani. Seremala akimwona kijana anapita midomo inang'aa, anamsimamisha barabarani. "Hebu toa ulimi." Ulimi ukitoka mwekundu, haujakauka kama wa mtu aliyefunga, basi mtaa mzima utasikia: "Mpisheni kobe, kobe anapita." Vijana walikuwa wakizunguka mtaa wa pili ili wasipite mbele ya karakana yake.

Mwaka mmoja, mwezi wa Shaabani, mzee akapimwa akakutwa na sukari, tena imepanda vibaya. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, ukifunga utaanguka, na ukianguka sijui kama utainuka. Dawa hii inataka chakula saa sita mchana, kila siku." Akaenda kwa imamu wake, akaambiwa hayohayo niliyowaambia nyinyi: usifunge, toa kibaba.

Kwenye dini mzee hakuwa mbishi. Akakubali. Lakini alipofika nyumbani akakaa juu ya benchi lake la kurandia, akaanza kuwaza. Nikimpa mtu kibaba kila siku, huyo mtu si atajua kwamba sifungi? Akijua yeye, si watajua wote? Wale vijana wote niliowaambia watoe ulimi barabarani, siku watakayosikia habari hii, mimi nitapita wapi?

Na maskini hakuwa mbali naye. Nyuma ya uzio wa bati wa ua wake alikaa mama mmoja mjane, msusi wa mikeka, pamoja na wajukuu wake wawili wa kike. Hali ya nyumba ile kila mtu aliijua. Mkeka ukiuzwa wanakula, usipouzwa wanakunywa uji mwepesi na kulala mapema. Seremala mwenyewe alizoea kusema, "Masikini ya Mungu, yule mama anajitahidi." Lakini kumpelekea kibaba? Hapana. Mama yule ana midomo, na watoto wana midomo.

Akapata akili, na watu wenye aibu hupata akili nyingi sana. Kila Ijumaa lilikuja lori la mbao kutoka milimani. Akaamua kila Ijumaa ahesabu siku zilizopita, apime vibaba vyake vya mchele, afunge kwenye mfuko, ampe dereva.

"Ukifika huko juu mpe maskini yeyote. Usiseme umetoka kwa nani."

Dereva akaupima mfuko kwa mkono, akamtazama. "Mzee, kwani huku kwenu maskini wameisha?"

"Wewe peleka tu."

Sasa sitaki mtu anishike kanzu mlangoni aniulize kama fidia iliyopanda lori inaswihi au haiswihi. Sizungumzii hilo. Mchele ulifika, maskini wa milimani wakala, na Mola anajua zaidi. Mimi nazungumzia ule uzio wa bati.

Mchana, ikifika saa sita, seremala anauweka msumeno chini na kufunga mlango wa karakana. Nyuma ya rundo la mbao ana jiko dogo la mafuta ya taa. Anakaanga mayai yake mawili na kitunguu, anakula na mkate, anameza dawa. Halafu, ndugu zangu, anachota vumbi la mbao kwa kidole, anajipaka midomoni, ili midomo ionekane imekauka. Anatoka kukaa barazani na mswaki mdomoni, anashusha pumzi. Mtu akipita anamwambia, "Leo jua kali, bwana. Koo limekuwa jangwa." Bwana Kitwana, usicheke sana, nakuona kutoka hapa.

Zikapita siku kumi hivi. Siku ya kumi na moja, adhana ya Magharibi imekwisha tu, akasikia hodi ya mlango wa uani. Ni yule mama jirani, ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mzee, uko peke yako humo ndani. Nimekuletea futari, usinirudishie."

Ndani mlikuwa na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Afanyeje? Akikataa, ataulizwa kwa nini. Mtu gani aliyefunga anakataa futari? Akapokea. Akala. Na kwa kweli ilikuwa tamu, akaramba na bakuli.

Kesho yake akaletewa tena. Na kesho kutwa. Mwenyewe akaanza kujisifu moyoni: ona ninavyoheshimiwa na watu. Hebu tuliangalie jambo hili vizuri. Katika nyumba mbili zile, nani aliyeamriwa kumlisha maskini? Na nani alikuwa analishwa na maskini? Mnanitazama. Naye alikuwa anatazama hivyohivyo, bakuli mkononi, na hakuona kitu.

Baada ya siku chache nazi ikapotea kwenye mihogo. Halafu mihogo yenyewe ikapotea, ukabaki uji. Halafu uji ukawa mwepesi. Seremala akanung'unika peke yake, "Siku hizi mama huyu mkono umekuwa mzito. Hata chumvi inamshinda."

Siku ya ishirini na tano, bakuli likaja na nusu ya kiazi kitamu cha kuchemsha. Nusu, imekatwa kwa kisu, imekaa peke yake chini ya bakuli. Mzee akaigeuza na kuigeuza. Kila jioni mjukuu mmoja huja baadaye kuchukua chombo, lakini siku ile akasema, ngoja nikirudishe mwenyewe, nimuulize kama anaumwa.

Akapita penye bati lililofunguka, akafika ua wa pili. Akawakuta wamekaa kwenye mkeka ambao haujamalizwa kusukwa, wenyewe watatu. Mbele yao vikombe vitatu vya maji, na ile nusu nyingine ya kiazi, imekatwa vipande vitatu. Watoto walikuwa wanakula polepole, kama watu wanaoogopa kumaliza.

Mzee akasimama pale. Kile kiazi chake kilikuwa bado mkononi, ndani ya bakuli, hakijaguswa.

"Mama," akasema, "nina jambo la kukwambia, na naona haya. Mimi sifungi. Tangu mwezi kuanza sijafunga hata siku moja. Naumwa."

Mama akamwekea kigoda. "Kaa, mzee. Hilo nalijua."

"Unalijua? Tangu lini?"

"Siku ya tatu. Kila saa sita msumeno unanyamaza, halafu kitunguu kinapita juu ya bati. Milango gani inarandwa kwa kitunguu?"

Wale wasichana wakaficha nyuso kwenye khanga. Hata mzee mwenyewe ilimjia kucheka, lakini hakuweza.

"Ulijua sifungi, na bado ukaniletea futari siku zote hizi? Kwa nini?"

Mama akashika ukingo wa mkeka, akaanza kuunyoosha. Alikuwa hapendi kusema, ikaonekana.

"Mzee, usikasirike. Nilipojua unakula mchana, nikajua unaumwa, maana wewe si mtu wa kuacha saumu kwa mchezo. Nikajua pia utatoa fidia, dini unaijua kuliko mimi. Nikawaza, maskini wa kwanza kutoka mlangoni pako ni nani? Ni mimi. Hilo hata mtoto analijua. Basi nikangoja kibaba. Ikapita siku, ikapita juma, kibaba hakikuja. Nikasema, kumbe. Mzee wa watu ameishiwa hata na mchele, na haya inamzuia kusema. Nikawaambia watoto hawa, jamani tupunguze matonge, jirani yetu hana hata kibaba."

Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na gunia zima la mchele nyumbani. Lilikuwa nyuma ya mbao, hatua kumi kutoka pale alipokaa.

Alimega kile kiazi chake akawapa wasichana, akainuka, akarudi kwake. Watu wa mtaa wanasema waliona jambo ambalo hawajapata kuliona. Seremala alitoka kwa mlango wa mbele, wa barabarani, hakupita uani. Kajitwika gunia begani, anatweta, anapita mbele ya vijana wote waliokaa wakifuturu nje. Mmoja akamuuliza, "Babu, gunia hilo la nini?" Akajibu bila kusimama, "Fidia yangu, kwa jirani yangu. Mimi ndiye kobe wa mwaka huu. Nipisheni." Nao wakampisha. Mmoja wao akaenda akalipokea gunia, yule aliyekuwa akiamriwa kutoa ulimi kuliko wote.

Mtaniambia, sheikh, si wewe uliyetufundisha kutoa kwa siri? Ni mimi. Lakini siri ya kutoa ni ya kumsitiri maskini asione haya. Seremala hakumsitiri maskini, alijisitiri mwenyewe, na stara ile ililipiwa na watoto wawili kwa nusu ya kiazi. Kula kwako kwa ajili ya ugonjwa, kula ndani, kwa adabu, usiwakere waliofunga. Kibaba chako usimfiche jirani yako. Mola aliyekupa ruhusa hakukupa ili uibebe kama mali ya wizi.

Na sisi tulio wazima, tusijione tumepona hapa. Nani aliwafanya wagonjwa wa mtaa huu waogope? Ni sisi na "toa ulimi" zetu. Tumewatia watu haya kwa jambo ambalo Mola amewafungulia mlango, halafu tunashangaa vibaba vinapanda malori.

Siku tisa zimebaki. Ukitoka hapa leo simama mlangoni pako, utazame kulia na kushoto, uhesabu milango mpaka umfikie mwenye shida. Wengine hamtafika hata mlango wa pili. Wale wanne walioniuliza kibaba ni kilo ngapi, wabaki tukimaliza, nitawapimia. Lakini kila mmoja aje na jina la mtu.

Na la mwisho, kabla hatujainua mikono kuomba dua. Yeyote kati yetu ambaye mwaka jana jirani yake alimletea futari kila siku, akatamba kwamba anapendwa sana pale mtaani, leo akifika nyumbani akae akafikiri vizuri. Huenda jirani yake alikuwa anamhurumia.