Maji Yasiyofika kwenye Ngozi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa, mji ambao misafara ya mahujaji ilikuwa ikitua kuchota maji, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Rababu binti Sufyani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viriba, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi ya kubebea maji safarini. Ngozi ikishashonwa, Rababu huipaka mishono yake lami nyeusi iliyochemshwa chunguni, akaisugua kwa vidole ingali na moto, mpaka kiriba kisivuje hata tone. Mwenye kiriba cha Rababu alivuka jangwa siku tisa na akafika na maji yake. Sifa hiyo hakupewa kwa upendeleo. Alikuwa anaiweza kazi.

Na alikuwa mtu wa sala. Uani kwake walifanya kazi wanawake sita, na muadhini akiadhini adhuhuri, Rababu husimama katikati ya safu yao akawasalisha. Walimwita Mama Msala. Jina lilimkaa vizuri, naye alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mwanamke akija na swali la dini, Rababu hakuwa na tabia ya kunyamaza. Akijua alijibu, na asipojua alijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Siku moja bi harusi wa jirani alimwuliza, "Mama, tunapoanza sala tunainua mikono mpaka mabegani. Maana yake nini?"

Rababu akageuka akachungulia chunguni. Alikuwa akiinua mikono hiyo tangu hajaota meno ya pili, na hakuwahi kujiuliza anaiinua kwa nini. Akasema, "Njoo kesho, mwanangu. Sasa hivi nina lami motoni." Na lami ilikuwa imepoa tangu asubuhi.

Aibu hiyo ndogo ndiyo iliyompeleka kwa Bibi Unaisa. Huyu alikuwa ajuza mwanachuoni, Mungu amrehemu, mfupi, mkavu, aliyekuwa akiwasomesha wanawake maana ya sala na namna ya kuisali kila siku jua likishapanda kidogo. Rababu alikwenda akitaraji kufunuliwa siri za takbiri na sijda. Bibi Unaisa akaweka mbele yao birika na beseni.

"Mwalimu," akasema Rababu, "sisi tumekuja kusoma sala. Kutawadha tunakujua."

"Vizuri," akajibu Bibi Unaisa. "Basi hutatuchelewesha. Tawadha."

Rababu akatawadha, na ajuza akawa anaeleza. Akasema kwamba maji ni lazima yaifikie ngozi yenyewe. Hina haidhuru, kwa kuwa ni rangi tu na rangi haina mwili. Lakini kila chenye mwili, kama nta, au gundi, au unga uliokandwa ukakaukia kwenye kucha, kikikaa juu ya ngozi kikazuia maji, basi udhu haukutimia. "Na pasipo udhu hakuna sala," akasema, "hata ukilia kwenye sijda mpaka msala ulowe."

Rababu alikuwa ameshika mkono wake wa kulia juu ya beseni. Akautazama. Kuanzia kwenye vifundo mpaka kwenye kucha ulikuwa umefunikwa na utando mweusi, mwembamba, unaong'aa. Maji yaliukuta utando ule yakajikusanya matone matone, yakateleza, yakaanguka. Chini yake ngozi ilikuwa kavu kama ilivyoamka.

Akaurudisha mkono ndani ya shuka upesi, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha mwenzake.

Miaka ishirini na miwili. Aliihesabu palepale, huku ajuza akiendelea na miguu na visigino. Miaka ishirini na miwili ya lami, sala tano kila siku. Lakini hilo la kwake silo lililomtisha zaidi. Lililomtisha zaidi ni Lubna.

Lubna alikuwa fundi wake wa kwanza, mwanamke mpole aliyefariki mwaka uliopita kwa homa. Na huyo Lubna, zamani, alikuwa amemwuliza waziwazi, mikono yote miwili mbele: "Bibi, hii lami haizuii maji?" Rababu hakusita hata kidogo. Alimwambia, "Mungu anaijua kazi yetu. We sali, acha wasiwasi wa shetani." Lubna akasali. Akasali hivyo miaka kumi na minne mpaka akafa, na Rababu ndiye aliyemwosha.

Alirudi nyumbani akajifungia jikoni. Akachukua mafuta ya mkia wa kondoo na majivu, akasugua. Lami ya juu ikatoka, ya ndani ya mikunjo ikabaki. Akasugua kwa mchanga mpaka damu ikachungulia kwenye vifundo. Huku nje wanawake sita wanaendelea kupaka, wanaimba, mikono mieusi, na jua linapanda kuelekea adhuhuri.

Angewaambia siku hiyo hiyo, yangekwisha. Lakini msafara wa mahujaji ulikuwa umebakiza siku sita, na viriba mia na ishirini vilikuwa bado. Wanawake wakianza kuitoa lami kila adhana, kazi haitakwisha, na mahujaji wataingia jangwani na vyombo vinavyovuja. Hiyo ndiyo sababu aliyojiambia. Ilikuwa sababu nzuri sana, ila haikuwa ya kweli. Ya kweli ni kwamba miongoni mwa wale sita alikuwamo Atika, binti wa Lubna, na Rababu hakuona njia ya kusema jambo lile bila ya Atika kuuliza swali moja.

Adhana ikalia. Wakapanga safu. Rababu akasema sauti imemkauka, akamsukuma Khaula asimame katikati. Khaula alikuwa mkongwe wa uani pale, mwenye mdomo usio na kizuizi. Akasalisha. Rababu alisimama mlangoni akiitazama ile mikono kumi na miwili ikiinuliwa, na kwa kila rakaa alijua kwamba haiendi popote, na anayeizuia ni yeye kwa kunyamaza. Kabla ya leo alikuwa amekosea. Kuanzia leo alikuwa anadanganya.

Usingizi ukamhama. Asubuhi akaenda tena darasani, na siku hiyo Bibi Unaisa akafika kwenye lile swali la bi harusi. Akasema anayeinua mikono kwenye takbiri ni kama mtu anayeutupa ulimwengu nyuma ya mabega yake, abaki mtupu mbele ya Mola wake, hana alichoshika. Ni maneno mazuri, na wanawake wengine walitokwa na machozi. Rababu hakutokwa na kitu. Alikuwa amekuja kulitafuta jibu hilo, na sasa amelipata hajui pa kuliweka, maana mikono aliyokuwa aiinue ilikuwa imefichwa ndani ya shuka.

Siku hiyo adhuhuri wakamwita tena. Akasema, bila kuwatazama, "Nina udhuru wa kike."

Kisha Khaula akapasuka kwa kicheko.

"Udhuru! Jamani njooni msikie! Mama Msala, udhuru wako ulikatika mwaka wa nzige, mwenyewe ulitutangazia hapahapa ukashukuru! Umerudi na nini, na msafara?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Atika naye alicheka, akamjia, akamshika mkono kwa mapenzi kama mtoto na mama yake. Akauona. Vifundo vimechubuka, damu imekauka, ngozi imevimba.

"Mama, umefanya nini mikono yako?"

"Nimeisugua."

"Kwa nini?"

Hapo Rababu angeweza kusema ameungua. Mwanamke wa lami akiungua nani atashangaa? Uongo ulikuwa tayari mdomoni umeshika fimbo kama msafiri. Lakini vicheko vilikuwa vimekwisha, na wote sita walikuwa wanamtazama na mikono yao mieusi, wanangoja asalishe, na adhana ilikuwa imeshapita.

"Kaeni," akasema. "Wala msisali kwanza."

Akawaambia. Akachota maji akamwagia mkono wa Khaula, akawaonyesha yanavyoteleza. Hakupamba. Akasema, "Hivi ndivyo nilivyowafundisha, na sikuwa nimesoma kwa mtu. Nilijisemea tu."

Khaula alikuwa wa kwanza kupata ulimi. "Miaka tisa! Miaka tisa nimeamka alfajiri na baridi ya jangwa, nikaacha blanketi na mume, kwa neno ulilojisemea tu?"

"Ndiyo."

"Na jana? Jana ulinisukuma mimi nisalishe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Khaula akatema pembeni. Hakuna aliyemlaumu. Na Atika, ambaye bado alikuwa ameushika ule mkono, akauachia polepole.

"Na mama yangu?" akauliza.

Swali lenyewe ndilo hilo. Rababu alikuwa amelikimbia siku mbili na limemkuta palepale uani. Akatafuta la kusema. Yalikuwako mengi ya kumtuliza mtoto, nayo yote angeyasema kwa sauti nzuri, kama alivyozoea.

"Sijui," akasema. "Aliniuliza juu ya lami, nikamwambia asali tu. Sijui hukumu yake ni nini."

Uani pale hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwa Rababu. Wakaacha lami ikachemka peke yake, wakatoka wote saba kwenda kwa Bibi Unaisa.

Ajuza aliwasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Wako wanavyuoni waliosema asiyejua amesamehewa. Niliowasoma mimi wanasema sala hizo zilipwe, na sitawaambia nisilolisoma. Itoeni lami kwa mafuta. Itakayobaki ndani ya nyufa, isiyotoka ila kwa kuchuna ngozi, hiyo Mungu hakuwakalifisha, na huyu aache kujichuna kama mbuzi. Kisha kila faradhi mnayosali, salini pamoja nayo moja ya zamani."

"Nitakufa sijamaliza," akasema Rababu.

"Labda. Basi utakufa ukiwa unalipa."

Atika akasogea mbele. Ajuza akafumbua macho, na sauti yake ikapungua ukali.

"Mama yako aliuliza, mwanangu. Mtu wa kawaida wajibu wake ni kuuliza kwa yule anayemdhania anajua, na yeye aliuliza. Hakupuuza, wala hakufanya kiburi. Mimi namtarajia kheri kwa Mola wake, na ninyi mwombeeni. Aliyejibu ndiye mwenye kazi." Akamgeukia Rababu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hawa umewaambia mwenyewe, au wamekugundua?"

Rababu akafikiri. "Nusu kwa nusu," akasema. Na Khaula, pamoja na hasira zake zote, akaguna kama anayetaka kucheka.

Wakarudi. Wakayapasha moto mafuta ya kondoo, wakakaa chini kusuguana mikono, wanalalamika, wanatukana lami, wanapiga chafya kwa majivu. Mambo yakaenda polepole, mpaka adhuhuri ikabakiwa na wakati mdogo. Wakatawadha. Mmoja alipomwagiwa maji alishtuka akasema, "Kumbe ni ya baridi hivi!"

Wakapanga safu. Pale katikati pakabaki wazi. Rababu akapita nyuma yao wote akaenda kusimama mwisho kabisa, karibu na ukuta, macho chini.

"Unakwenda wapi?" akauliza Khaula.

"Nasimama."

"Hapo si pako. Rudi katikati."

"Khaula, mimi si wa kuwasalisha. Tafuteni mwingine."

"Mwingine nani? Mimi jana nimesalisha na lami mpaka kwenye viwiko. Wewe leo umesema hujui, na tumekusikia. Kuanzia leo ukisema unajua, nitakuamini. Hebu rudi, wakati unatoka!"

Akarudi. Akasimama katikati. Kushoto kwake akasogea mwanamke mmoja. Kulia kwake pakabaki mwanya, kwa sababu aliyestahili kusimama pale ni Atika, na Atika alikuwa bado kwenye birika, amewapa mgongo, anaosha mikono iliyokwisha kutakata.

Rababu hakumwita, wala hakuanza. Jua lilikuwa linasogea ukutani na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba alasiri itawakuta.

Mwishowe Atika akaja. Hakumtazama Rababu wala hakumsalimu, na uso wake haukuwa umesamehe kitu. Lakini safu ya sala haitaki mwanya. Akasogea, akasogea tena, mpaka bega lake likagusana na bega la Rababu, likakaa hapo. Ndipo Rababu akainua mikono yake miwili iliyochubuka, akasema, "Allahu Akbar."

Wengi wetu, enyi waumini, tunaogopa kuonekana hatujui kuliko tunavyoogopa kusimama mbele ya Mola bila udhu. Tukiulizwa tunajibu, na anayetusikiliza anakwenda nalo jibu mpaka kaburini. Basi kabla ya kuinua mikono mtu aitazame, na kabla ya kumfundisha mwenziwe ajiulize alilisoma wapi. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila kuyajua, na awarehemu walioyafuata kwa kutuamini.