Kiti cha Katikati ya Spika Mbili

Sogeeni. Mwenye wivu akae mbele, maana hadithi hii ni yake. Asiye na wivu akae nyuma, na huko nyuma najua patabaki patupu. Ukija kuisikia kwa mtu mwingine, ujue ameichukua kwangu, tena ameipunguza.

Palikuwa na mwimbaji wa dansi pale Morogoro, Shomari Kibwana, mtu mwenye sauti laini kama uji uliotiwa samli. Shomari alikuwa na wake watatu katika nyumba moja ya kupanga, na kila mke alikuwa na kipaji chake. Wa kwanza, Havijawa, alikuwa na sikio: sufuria ikianguka jikoni kwa jirani, atakuambia ni ipi na ilikuwa na nini ndani. Wa pili, Sikudhani, alikuwa na jicho la kupanga: mpe banda la mbuzi, atakurudishia sebule. Wa tatu, Tausi, alikuwa na vidole: kabla ya kuolewa alikuwa akitengeneza redio sokoni, na chenye waya hakikuwahi kumshinda.

Havijawa aliitwa bi mkubwa. Tausi aliitwa bi mdogo. Sikudhani aliitwa Sikudhani. Wa katikati hakutungiwa jina, na jambo hilo lilimkaa rohoni tangu siku Tausi alipoingia mlangoni na hina yake mikononi.

Shomari akafariki. Aliacha mashati ya jukwaani, amplifaya moja, na wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri, ambao ndani yake anaimba, "Wewe peke yako, wengine wapita njia." Jina hakutaja. Alikuwa fundi yule bwana. Kila mke, katika zamu yake, aliambiwa kwamba wimbo ni wake, na kwamba asiwaambie wenzake wasije wakaumia. Nao wakaitunza siri miaka yote, kila mmoja akiwaonea huruma wengine.

Eda ilipokwisha ikabidi nyumba irudishwe kwa mwenyewe. Havijawa angerudi kwao Kilosa, Sikudhani Turiani, Tausi Ifakara. Wimbo kila mmoja alikuwa nao kwenye simu, lakini kwenye simu Shomari aliimba kama nyuki ndani ya chupa. Ndipo Havijawa akatoa wazo.

"Tuchange tununue spika zile ndefu za kusimama chini. Siyo za bei mbaya, sisi si wabunge. Za kawaida tu. Halafu atakayemrudisha bwana hapa sebuleni, tumsikie kama alivyokuwa, siku ya kuhama spika zimfuate yeye."

"Zote mbili?" akauliza Tausi.

"Spika ni jozi, mdogo wangu. Umeona wapi mtu akarithi kiatu kimoja?"

Sikudhani alikubali haraka kuliko wote. Alikwisha kujiona anashuka Turiani, na majirani wanamsaidia kuzishusha.

Wakaenda dukani. Muuzaji, jamaa aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka, akawawekea spika zenye taa za rangi, akapiga muziki wa vijana mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Tausi akacheza kidogo. Sikudhani naye alizipenda, zilikuwa zinang'aa.

"Mama, besi hili linasikika mpaka barabarani," akasema muuzaji.

"Mimi sikai barabarani," Havijawa akamjibu. "Tupigie wimbo wetu. Tena polepole."

Akazipa spika mgongo, akasikiliza. Zile za taa akazikataa: "Hizi zinaongea na ugali mdomoni." Akawekewa nyingine, nyembamba, nyeupe. "Hizi kila neno zinalipuliza kama nyoka. Bwana hakuwa nyoka, angalau si mbele za watu." Kisha akaona jozi ya mbao imesukumwa pembeni, haina taa, ina vumbi juu. Akaigonga ubavuni kwa kiungo cha kidole kama anayechagua tikiti sokoni. Ikajibu kifupi, kwa uzito, haikulia kama debe. Wimbo ukapigwa.

Sasa, Shomari kabla ya ubeti wa pili alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi puani, pumzi fupi ya mtu anayenusa mchuzi. Kwenye zile jozi nyingine pumzi hiyo haikuwamo. Kwenye hii ikasikika. Havijawa akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Hizi," akasema. Na zilikuwa za bei ya chini kuliko zote mle dukani, jozi ya mwisho ya namna yake.

Sikudhani akatazama pembeni. Pumzi ile alilala nayo shavuni miaka yote asiijue kuwa ni kitu. Mwenzake ameitambua akiwa amezipa spika mgongo.

Zilipofika nyumbani, bi mkubwa akaamuru zibanwe kwenye pembe mbili za sebule, ukutani kabisa, akazivisha vitambaa vya kufuma na moja akaitwika maua ya plastiki. Wimbo ukapigwa. Loo, bwana aliimba kama ametumbukia ndani ya pipa.

"Dukani hazikuwa hivi," Havijawa akanung'unika.

Hapo Sikudhani akafunga khanga kiunoni. Akavua vitambaa, akatoa maua. Akazivuta spika mbele, mbali na ukuta, nafasi ya mtu kupita na ndoo, na mvumo ukapungua. Akatandika busati juu ya saruji, akashusha mapazia mazito, na mwangwi ukafa. Akazielekeza uso ndani kidogo, kama watu wawili wanaomteta wa tatu. Kisha akabeba kiti cha mbao akazunguka nacho chumba kizima, anakaa, anasikiliza, anainuka, anasogea, mpaka gitaa likawa kushoto kwake na tarumbeta kulia. Akakiweka. Kila neno likaja na ncha yake.

"Haya," akasema, jasho linamtiririka. "Huyo hapo."

"Yuko wapi?" Havijawa akauliza. "Namsikia, lakini sijui alipo. Yuko chumba kizima."

Ilikuwa kweli, na Sikudhani aliijua kabla hajaambiwa. Bwana alikuwa amemwagika kama maji, yuko huku, yuko kule, hashikiki. Hata besi lilikuwa limekonda.

Tausi akainuka na kipande chake cha muwa mdomoni. Akainama nyuma ya spika ya kulia. "Mliochomeka mlikuwa na haraka," akasema. "Waya mwekundu umekaa kwa mweusi. Moja inasukuma, nyingine inavuta, basi zinagombana." Akabadilisha nyaya mbili, akajifuta vidole kwenye dera, akarudi kukaa. Lakini hakurudi alipokuwa. Alikaa kwenye kiti.

Wimbo ukaanza, na muwa ukamdondoka.

"Yuko hapa," akasema kwa sauti ndogo, akionyesha mahali patupu katikati ya spika mbili. "Amesimama. Ananitazama mimi."

Sikudhani aliuona uso ule. Mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa kuvuta masanduku, na mtu wa vidole viwili ndiye aliyetangulia kufika kwa bwana.

"Inuka."

"Ngoja ubeti wa pili, dada."

"Inuka, Tausi. Hicho kiti nimekiweka mimi."

Wakakaa mmoja mmoja. Kila aliyekaa, bwana alisimama mbele yake akamwambia "wewe peke yako" usoni. Aliyesimama pembeni, hata hatua moja tu, bwana alihamia spika ya jirani akampa bega. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumpata, na kiti kimoja. Ndipo siri zikaanza kuvuja.

"Mnajua wimbo huu alinitungia mimi," Havijawa akasema.

Tausi akacheka. "Pole, bi mkubwa. Alinikataza nisiseme, usije ukaumia."

Sikudhani naye alikatazwa kwa maneno hayohayo.

Asubuhi ya kuhama, Tausi akamleta dada yake amsikie shemeji kwa mara ya mwisho. Sebule ilipokuwa tupu, Sikudhani akaisukuma spika ya kulia kwa goti, kidogo tu. Mgeni akaingia, akakaa kitini, wimbo ukapigwa.

"Mbona anaimbia dirishani?" akauliza mgeni.

Havijawa alikuwa uani anafunga godoro. Akasema bila kuinua kichwa, "Aliyeisogeza ya kulia airudishe." Tausi akakimbilia nyaya, nyaya zilikuwa sawasawa. Wote wakamtazama Sikudhani, maana hakuna mwingine aliyejua ilikuwa imekaa wapi hasa. Akairudisha kwa goti lilelile, na bwana akarudi mahali pake.

Gari la mizigo likapiga honi mlangoni. Dereva aliposikia wakibishana nani azichukue spika akasema, "Mama zangu, gawaneni. Moja yako, moja yake, na huyu achukue amplifaya." Wakajaribu kuzima moja. Sauti ilikuwepo, lakini ilibanwa ndani ya sanduku pamoja na gitaa. Bwana hakusimama tena.

Havijawa akaikumbatia spika ya kushoto. "Bila sikio langu mngekuwa mnamsikiliza nyoka."

Tausi akaikumbatia ya kulia. "Bila vidole vyangu mngekuwa mnamtafuta chumba kizima mpaka leo."

Sikudhani hakushika spika yoyote. Alikwenda akakaa kwenye kiti. "Bila mimi angekuwa ndani ya pipa," akasema. "Na hapa siinuki."

Dereva akazima injini.

Haya. Mimi nimeamua kesi za mipaka ya mashamba na mahari zilizokwisha kuliwa, watu wakaondoka wanacheka, lakini hii imenikwama kooni. Nakuachia wewe uliyekaa mbele. Spika zishukie wapi: Kilosa, Turiani au Ifakara? Umpe aliyemtambua bwana, aliyempatia mahali, au aliyemsimamisha? Sema, gari linangoja. Ila usiniambie wapeane zamu. Zamu ndizo zilizowafikisha hapo.