Joho la Viraka na Kiti cha Bi Lubaba

Inasimuliwa na watu wakweli, wasiokuwa na faida yoyote katika kudanganya, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na chuo cha elimu, na chuo hicho kilikuwa na wakfu ulioachwa na mja mwema kwa ajili ya wanafunzi mafukara: mikate miwili kwa siku, mafuta ya taa, na blanketi la majira ya baridi. Msimamizi wa wakfu huo alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, Kadhi wa mji alimteua Bi Lubaba binti Shuaib, mjane mwenye elimu na ulimi usiojua kupaka watu mafuta. Wapo walionung'unika. Kadhi akawaambia wangoje hadi Ijumaa. Siku hiyo angekuja chuoni, ama kumthibitisha ama kumwondoa.

Jumatano Bi Lubaba akakikalia kiti. Karani wa posho, mzee Sahlun, akamweleza desturi: waombaji huingia mmoja mmoja, husimama kimya, msimamizi hutazama mavazi yao, kisha huamua.

"Anayeonekana fukara hupewa," alisema Sahlun. "Ndivyo tulivyoikuta, Bibi."

Nafasi zilikuwa saba. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana wa nchi ya mbali, Yasar bin Ghalib, kanzu yake nyeupe imefuliwa ikatakata. Bi Lubaba hakumtazama mara mbili.

"Wewe umejaaliwa, mwanangu. Waachie wenzako."

Kijana akainamisha kichwa, akashukuru, akatoka.

Waliomfuata walikuwa wa hali nyingine. Kila aliyeingia alivaa joho la viraka, la kumliza mwenye moyo wa jiwe. Alipoingia wa tatu wa hao wenye viraka, Bi Lubaba alihisi kwamba kile kiraka cha kijani begani amekwisha kukiona. Akajikemea kwa kuwadhania watu vibaya, akaandika jina. Akafika wa sita. Akaingia wa saba, kijana mfupi, joho linafagia sakafu, naye analikusanya kwa mikono miwili asijikwae.

Bi Lubaba akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mbona ufukara wako umekuzidi urefu?"

Kijana akajaribu kukaza uso, akashindwa. "Nisamehe, Bibi. Joho ni la kukodi kwa mshonaji, hapo nyuma ya msikiti. Tunavuliana uchochoroni. Zamu ya wafupi ndiyo ya mwisho."

"Na kwenu wanafanya kazi gani?"

"Baba anauza zafarani, Bibi."

Bi Lubaba akamgeukia Sahlun. "Ulijua?"

"Bibi, joho hilo lina umri mkubwa kuliko baadhi ya walimu hapa," alijibu mzee bila kumtazama. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza shauri langu. Kesho kutwa Kadhi anakuja, na kuna watu wanaongoja ukosee hata kuitikia salamu. Wape hawa saba, yaishe. Yule wa kanzu nyeupe anaondoka na msafara wa alasiri. Mungu atamruzuku."

"Atamruzuku, sina shaka," alisema Bi Lubaba. "Lakini mimi ataniuliza."

Akajitanda ushungi, akaenda kwa miguu mpaka uwanja wa misafara. Alimkuta Yasar akipakia mizigo ya watu juu ya ngamia, ndiyo nauli yake ya kurudi kwao. Akasimama mbele yake, watu wote wakimtazama.

"Mwanangu, nimekuhukumu kwa kanzu yako. Nimekosea. Nisamehe, urudi chuoni."

Mchunga ngamia mmoja akaangua kicheko. "Kumbe ndiye msimamizi mpya huyu! Siku moja tu, keshaanza kurudisha maneno?"

"Bidhaa mbovu hurudishwa, ndugu yangu," alijibu Bi Lubaba. "Na neno bovu vilevile."

Yasar akajipangusa vumbi. "Bibi, nina kanzu hii moja tu. Jana niliifua nikakaa nimejifunga shuka mpaka ikakauka. Nilijiambia, ninakwenda kwenye nyumba ya elimu. Haifai niingie mchafu."

Bi Lubaba akalichukua furushi la kijana, akalibeba mwenyewe mpaka chuoni.

Ijumaa, baada ya swala, Kadhi alipoketi uani, Bi Lubaba hakungoja kuulizwa. Alieleza yote: waliopewa bila haki, majina aliyoyafuta, na aliyenyimwa naye mwenye haki.

"Je, kuna mwingine anayeyajua haya?" Kadhi aliuliza.

"Msafara mzima, Sheikh. Hivi sasa wamekwisha kuyafikisha mji wa pili."

Watu wakacheka, na Kadhi akacheka nao. Kisha akasema, "Niliogopa kukabidhi amana kwa asiyekosea kamwe, maana mtu huyo hajui njia ya kurudi. Wewe umekwisha kuipita kwa miguu." Akamthibitisha.

Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyeombea nafsi yake. Kila mmoja aliitwa faraghani akaulizwa: ni nani katika wenzako hujamwona akila? Na mafukara wakajulikana bila kufedheheka. Lile joho Bi Lubaba alilinunua, akalikunja, akalifanya mto wa kiti chake. Alilikalia miaka ishirini.

Na inasemekana kwamba kila mwaka, siku moja kabla ya masomo kuanza, alipanda darini kutazama kamba za kuanikia za mji mzima zikiwa zimejaa kanzu nyeupe za wanafunzi waliokisikia kisa cha Yasar, na furaha ikamjaa. Mwaka mmoja Yasar, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mwalimu wa chuo hicho, alimwambia kwamba wengine hufua kwa kufuata mkumbo tu.

"Si neno," alisema Bi Lubaba. "Angalau ni safi."

Ndugu zangu, kila mmoja wetu amekalia kiti fulani, japo kiwe kigoda cha jikoni, na kuna mtu aliyekwisha kutoka mlangoni kwetu ameinamisha kichwa. Mola atujaalie miguu ya kumfuata kabla msafara haujaondoka.